Canterbury hadi Roma kwa Treni, kwa Njia ya Kale ya Francigena: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wengi wanaopanga safari hii huanza na ramani ya mahujaji wakidhani reli itafuata mstari uleule. Haifuati. Majibu yafuatayo yanaeleza reli na njia ya kale zinakwenda pamoja wapi, zinaachana wapi, na ufanye nini zikiachana. Ratiba za treni za Ulaya hubadilishwa kila mwaka katikati ya Desemba, kwa hiyo muda tunaoutaja ni wa kukusaidia kupanga. Saa kamili za kuondoka zitazame karibu na siku zako.

Via Francigena ni njia gani?

Ni njia ya hija inayotoka Canterbury, kusini mashariki mwa Uingereza, ikapita Ufaransa na Uswisi, ikavuka milima ya Alps na kushuka Italia hadi kaburi la Mtume Petro huko Roma. Urefu wake ni takriban kilomita 2,000, na karibu nusu yake iko Italia. Mwaka 990 Sigeric, Askofu Mkuu wa Canterbury, alikwenda Roma kupokea palio, ile shali nyembamba ya sufu inayovaliwa mabegani na maaskofu wakuu. Wakati wa kurudi vituo vyake viliandikwa kimoja baada ya kingine, karibu 80, na orodha hiyo ndiyo inayotumika hadi leo kuitambua njia. Mwaka 1994 Baraza la Ulaya liliitangaza kuwa Njia ya Utamaduni.

Naweza kwenda kwa treni mwanzo mpaka mwisho?

Karibu. Yapo mapengo matatu makubwa yasiyo na reli, nayo ndiyo yanayoamua safari nzima: bahari kati ya Dover na Calais; mlima wa Grand-Saint-Bernard, kutoka Orsières upande wa Uswisi hadi Aosta upande wa Italia; na nchi ya vilima kusini mwa Siena, kupitia San Quirico, Radicofani na Acquapendente hadi Bolsena.

Anza kupanga na mapengo hayo, kisha ndiyo uje kwenye miji. Weka kwanza siku ya meli, siku ya basi la mlimani na siku ya basi la Bolsena, maana huko vyombo ni vichache na vingine havipo Jumapili. Kwingine kwingi treni zipo za kutosha. Anayeanza kwa kununua tiketi ya bei nafuu ya treni ya mwendokasi, isiyobadilishika, ndiye anayefika Orsières siku ambayo basi la kuvuka mpaka halipo, na tiketi yake ya kesho yake inaungua.

Nahitaji viza ngapi?

Kwa mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo, safari kamili inataka viza mbili: ya Uingereza, na ya Schengen, ambayo inatosha kwa Ufaransa, Uswisi na Italia. Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya lakini imo Schengen.

Ombi la Schengen hupelekwa kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi, na katika njia hii mara nyingi ni Italia, hata kama utaingilia Ufaransa. Usiku ukilingana, unaomba kwa nchi ya kwanza kuingia. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024. Ombi linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15 kabla. Bima ya safari iwe na kinga ya angalau euro 30,000, na pasipoti iwe hai kwa miezi 3 baada ya siku ya kutoka, iwe na kurasa mbili tupu, na isizidi miaka 10 tangu itolewe. Anayeishi kihalali Oman, Dubai au Doha hupeleka ombi hukohuko anakoishi.

Hapa kuna mtego. Ukitua Paris, ukatoka kwenda Canterbury, kisha ukarudi Calais, umeingia Schengen mara mbili. Viza ya kuingia mara moja itakuwa imekwisha kazi ulipovuka kwenda Uingereza. Aidha utue London moja kwa moja, au uombe viza ya kuingia mara nyingi na uambatishe mpango wa safari unaoonyesha sababu.

Ndugu wenye vibali vya ukaazi vya Ujerumani, Sweden au nchi nyingine ya Schengen hawahitaji viza ya Schengen, lakini kibali hicho hakiwaingizi Uingereza.

Sina viza ya Uingereza. Je, safari haina maana?

Ina maana kabisa. Anzia Reims. Sigeric alipita hapo, kanisa kuu lake ndilo walikotawazwa wafalme wa Ufaransa, na kutoka Paris Gare de l'Est treni ya mwendokasi inachukua takriban dakika 45. Ukiwa na wiki moja tu, anzia Lausanne au hata Lucca. Ni afadhali kusafiri vizuri kipande kimoja cha njia hii kuliko kuikimbilia yote ukiitazama dirishani.

Ninunue pasi ya reli au tiketi mojamoja?

Pasi ni mbili. Anayeishi Ulaya hununua Interrail. Anayeishi nje ya Ulaya hununua Eurail. Kinachoangaliwa ni makazi, si uraia: Mkenya anayeishi Berlin ni wa Interrail. Pasi inayofaa hapa ni ile ya nchi zote, yenye siku kadhaa za kusafiri ndani ya mwezi mmoja au miwili. Siku moja ya pasi huhesabiwa kutoka saa sita usiku hadi saa sita usiku inayofuata, na ndani yake unapanda treni nyingi upendavyo.

Hesabu yetu ni hii: pasi itumie siku za safari ndefu, yaani Uingereza, Ufaransa na Uswisi, ambako nauli ni kubwa. Italia lipa mojamoja. Treni za mikoani za Italia zina nauli ya kilomita isiyopanda hata ukinunua dakika tano kabla ya kuondoka, na vipande vya njia hii ni vifupi. Siku ya pasi inayogharimu makumi ya euro huwezi kuitumia kwa kipande cha nauli ya chini ya euro 10.

Kumbuka pia kwamba pasi peke yake haitoshi kwenye treni za mwendokasi. TGV, Eurostar na Frecciarossa zinataka nafasi ilipiwe kando, na TGV ina idadi maalumu ya viti kwa wenye pasi. Viti hivyo huisha mapema Julai na Agosti. Treni za mikoani, TER za Ufaransa na Regionale za Italia, hazina nafasi ya kuweka: unapanda, unakaa palipo wazi.

Nivuke bahari vipi kutoka Canterbury?

London St Pancras hadi Canterbury West ni takriban saa moja kwa treni ya kasi. Kuendelea Dover unapandia Canterbury East, stesheni nyingine upande wa pili wa mji wa kale, kama nusu saa hadi Dover Priory. Kutoka Dover Priory hadi bandari ya mashariki ni karibu kilomita 2; tembea au chukua teksi.

Meli inachukua kama dakika 90, lakini si kila kampuni na si kila safari hupokea abiria wa miguu. Hilo ndilo linalowakwamisha wengi: wanaona meli zinaondoka usiku na mchana, kumbe zinazochukua mtu asiye na gari ni chache na za mchana. Nunua tiketi yenye maandishi kuwa ni ya abiria wa miguu, na ufike dakika 90 kabla. Maofisa wa Ufaransa wanakagua pasipoti papo hapo Dover, kabla hujapanda, kwa hiyo ukaguzi wa kuingia Schengen unaumaliza ukiwa bado ardhi ya Uingereza. Tangu Oktoba 2025 mfumo mpya wa mipaka umeanza kuchukua alama za vidole na picha kwa wasio raia wa nchi za Ulaya, na foleni zinaweza kurefuka.

Saa ya Ufaransa iko mbele ya Uingereza kwa saa moja. Meli ikitoka 11:00 inatia nanga karibu 13:30 kwa saa ya Calais. Bandari ya Calais hadi stesheni ya Calais Ville ni mwendo wa zaidi ya nusu saa kwa miguu. Usiweke treni ya kuunganisha chini ya saa mbili baada ya meli kufika.

Asiyetaka meli hurudi London akachukua Eurostar hadi Lille, kisha TER hadi Arras. Eurostar haisimami tena Calais.

Kutoka Calais hadi Lausanne nipitie wapi?

Kaskazini mwa Ufaransa reli nyingi zinaelekea Paris kama miguu ya buibui, ilhali njia ya mahujaji inakata kwa upande. Ndiyo maana kila kipande hapa kinataka kubadilisha treni.

Calais hadi Arras unabadilisha Hazebrouck au Lille. Arras hadi Reims usitafute treni moja. Pita Amiens, kisha Laon, kisha Reims. Laon ina thamani ya saa tatu za kusimama: kanisa kuu liko juu ya kilima peke yake na linaonekana ukiwa mbali dirishani. Laon hadi Reims ni kama dakika 45.

Reims, Châlons-en-Champagne, Chaumont na Langres ziko kwenye mstari mmoja wa TER unaoendelea hadi Dijon, na hapa reli na njia ya kale zinashikana vizuri. Baada ya Langres zinaachana: wanaotembea kwa miguu wanakata moja kwa moja kwenda Besançon, wewe unazunguka Dijon. Dijon hadi Besançon Viotte ni kama saa moja.

Kutoka Besançon kuna njia mbili. Ya kwanza ni kwenda Frasne na kuchukua TGV Lyria inayoingia Uswisi kupitia Vallorbe hadi Lausanne. Ni fupi, lakini treni hizo ni chache kwa siku na nafasi lazima ilipiwe. Pontarlier, kituo cha Sigeric, iko karibu na Frasne kwa treni nyingine. Ya pili ni reli ya milimani ya Besançon hadi La Chaux-de-Fonds, kama saa mbili ndani ya treni ndogo inayopita juu ya mabonde, kisha Neuchâtel na Lausanne. Sisi tunaipendekeza hii ya pili kwa asiye na haraka. Haitaki kuweka nafasi.

Jambo la kuangalia Ufaransa vijijini: mchana, kati ya saa nne na saa nane hivi, mara nyingi hakuna treni kabisa, kwa sababu muda huo hutumika kukarabati reli. Jumapili treni hupungua hadi mbili au tatu kwa siku. Safiri asubuhi mapema au alasiri.

Navukaje milima ya Alps?

Lausanne hadi Martigny ni kama dakika 50 kando ya Ziwa Geneva na kupanda bonde la mto Rhône. Shuka Saint-Maurice, abasia iliyoanzishwa mwaka 515, kisha endelea na treni inayofuata. Zinapita mara kwa mara. Martigny unapanda treni ndogo hadi Orsières, takriban nusu saa, na hapo reli inaishia.

Kutoka Orsières basi linapanda hadi hospisi ya Grand-Saint-Bernard, karibu mita 2,470 juu ya usawa wa bahari, ambako mapadre wamekuwa wakiwapokea wasafiri tangu karne ya 11. Barabara ya kileleni hufunguliwa takriban Juni na kufungwa Oktoba theluji ikianza. Tarehe kamili hutegemea mwaka. Basi la kushuka kwenda Aosta huwa la kiangazi tu, mara chache kwa siku, na ni la kampuni nyingine upande wa Italia. Kwa hiyo angalia ratiba mbili, ya Uswisi na ya Italia, na uone kama zinapishana. Tunashauri kulala hospisi usiku mmoja: unapanda mchana, unashuka kesho yake, na basi moja likikosekana hujapoteza kitu. Chumba kiwekwe mapema. Beba sweta nzito hata Julai, kwani usiku huko juu baridi inauma.

Nje ya msimu magari hupita kwenye handaki lililofunguliwa mwaka 1964, chini ya kilele. Kama basi la kupita humo halipo siku yako, tumia njia ya Simplon: Martigny hadi Brig, kisha handaki la reli la karibu kilomita 20 hadi Domodossola, Novara na Vercelli. Si njia ya Sigeric, lakini inafanya kazi majira yote isipokuwa ukarabati ukiingia. Upande wa Domodossola umekuwa nao nyakati za kiangazi.

Nimeona treni ya Aosta kwenye ramani, mbona haiuzwi?

Reli ya Aosta hadi Ivrea ilifungwa Julai 2024 ili iwekewe umeme, kazi iliyopangwa kuchukua takriban miaka mitatu. Mabasi ya kampuni ya reli yanachukua nafasi yake, na yanauzwa kwenye programu ileile ya tiketi, yakionyeshwa kwa picha ya basi. Usiyasubiri kwenye jukwaa la treni; yanasimama nje ya stesheni. Yakichelewa barabarani, treni ya Ivrea haiyasubiri, hivyo jipe nafasi ya angalau nusu saa.

Na kutoka Ivrea hadi Lucca?

Hapa treni zinakufuata karibu kila hatua. Ivrea hadi Chivasso, kisha Vercelli, katikati ya mashamba ya mpunga. Mwezi Juni majaruba yamejaa maji pande zote mbili za reli, na msomaji wa Mwea au Kilombero atajiona nyumbani. Beba dawa ya mbu. Vercelli hadi Pavia unapita Mortara. Pavia hadi Piacenza, kisha Fidenza, ni safari fupi za tambarare.

Fidenza ndipo reli inapogeukia milima ya Apennine. Reli iitwayo Pontremolese inapita Fornovo na Borgo Val di Taro, inaingia handaki la Borgallo la karibu kilomita 8, na kutokea upande wa Pontremoli. Mahujaji wa miguu wanapanda hadi kivuko cha mlimani cha Cisa, zaidi ya mita 1,000. Wewe unapita chini yake gizani. Baadhi ya treni zinatoka Parma badala ya Fidenza, hivyo kama huoni ya moja kwa moja, badilisha Fornovo. Baada ya Pontremoli zinafuata Aulla na Sarzana, kisha pwani hadi Viareggio na kukata kuingia Lucca.

Kutoka Lucca hadi Roma pakoje?

Lucca hadi San Miniato unapita Pisa, kisha Empoli, ambako unabadilisha kwenda Siena, kama saa moja zaidi. San Gimignano haina reli. Shuka Poggibonsi uchukue basi la kama nusu saa.

Baada ya Siena ndilo pengo la tatu. Panda treni ya Siena hadi Chiusi, takriban saa moja na nusu, kisha Orvieto kwa treni ya mikoani, kama nusu saa. Mbele ya stesheni ya Orvieto kuna reli ya kamba inayokupandisha mjini juu ya mwamba. Kutoka Orvieto mabasi ya Cotral huenda Bolsena siku za kazi, Jumapili usiyategemee. Bolsena ina basilika ya Mtakatifu Christina na ziwa zuri sana la kuogelea. Kutoka hapo basi linakwenda Montefiascone na Viterbo. Basi likikosekana kabisa, kutoka Orvieto kuna njia ya treni: badilisha Attigliano, fika Viterbo.

Viterbo hadi Roma ni treni ya FL3, chini kidogo ya saa mbili. Kwa siku ya Bolsena, Viterbo na Roma, uliza dukani tiketi ya BIRG. Ni tiketi ya siku moja ya mkoa wa Lazio inayokubalika kwenye mabasi ya Cotral, treni za mikoani na usafiri wa mjini Roma, kulingana na kanda ulizolipia. Andika jina na tarehe juu yake kabla ya kupanda, vinginevyo huhesabiwa kuwa huna tiketi.

Nikienda kwa treni nitapata cheti cha hija?

Cheti kinachotolewa Roma, Testimonium, kinataka uwe umetembea kwa miguu angalau kilomita 100 za mwisho, au kilomita 200 kwa baiskeli, na uonyeshe kitambulisho cha mhujaji kilichogongwa mihuri njiani. Kilomita za treni hazihesabiwi.

Njia nzuri ni kuchanganya. Njoo kwa treni hadi Viterbo, au Montefiascone ukitaka kilomita za akiba, kisha tembea: Vetralla, Sutri, Campagnano di Roma, La Storta, Roma. Kutoka Viterbo ni siku 5, kati ya kilomita 17 na 28 kwa siku. Siku ya mwisho njia inapanda Monte Mario, na hapo ndipo mahujaji wa zamani walipoliona jiji kwa mara ya kwanza. Kitambulisho kichukue mwanzoni, Canterbury au katika kituo kingine cha njia, na gonga mihuri kila unapolala, hata siku za treni. Parokia, hosteli na ofisi za utalii hufanya hivyo bila shida.

Kwa nini stesheni yangu iko mbali na mji?

Kwa sababu miji ya hija ilijengwa vilimani na reli ilipita bondeni. Jina la mji kwenye ubao wa stesheni halina maana kwamba umefika mjini. Stesheni ya Langres iko chini ya ngome, mwendo wa miguu wa nusu saa au zaidi wa kupanda. Stesheni ya San Miniato iko San Miniato Basso; mji wa kale uko kilomita kadhaa juu. Stesheni ya Berceto iko bondeni kabisa, mbali na Berceto yenyewe. Siena ni nafuu: vuka barabara mbele ya stesheni, ingia jengo la maduka, na mlolongo wa ngazi za umeme utakupandisha hadi karibu na lango la Camollia.

Miji yenye stesheni mbili nayo huwachanganya watu. Reims ina Reims ya mjini na Champagne-Ardenne TGV ya nje. Besançon ina Viotte na ile ya TGV, kama robo saa kwa treni kutoka mjini. Viterbo ina Porta Romana na Porta Fiorentina, zote mbili zinafaa.

Tiketi ya Italia inagongwaje?

Tiketi ya karatasi ya treni ya mikoani lazima uichomeke kwenye mashine ndogo iliyoko jukwaani au kwenye korido kabla ya kupanda. Utasikia mlio, na tarehe na saa zitachapwa pembeni. Usiposikia mlio, haijagongwa; igeuze ujaribu tena, au nenda mashine nyingine. Zote zikiwa mbovu, mtafute mkaguzi kabla hajakutafuta wewe. Tiketi ya simu ya treni za mikoani nayo inataka uithibitishe kwa kubonyeza kiungo kabla ya kupanda. Faini inatozwa hata kwa aliyelipa nauli kamili akasahau kugonga.

Ufaransa hakuna tena kugonga. Uswisi tiketi hununuliwa kabla treni haijaondoka, basi. Kumwambia mkaguzi kwamba utalipa ndani hakukubaliki.

Aliyezoea SGR ya Dar es Salaam au Madaraka Express, pamoja na ukaguzi wa mizigo na kufika saa nzima kabla, atashangaa: kwenye treni za mikoani hakuna ukaguzi wala lango mara nyingi. Lakini milango hufungwa kabla ya muda. TGV hufunga dakika 2 kabla ya saa iliyoandikwa.

Kukiwa na mgomo je?

Migomo Ufaransa na Italia ni ya kawaida na hutangazwa mapema. Italia, mgomo ukiwa siku ya kazi, treni za mikoani za lazima hutembea 6:00 hadi 9:00 na 18:00 hadi 21:00, yaani saa 12 hadi saa 3, asubuhi na jioni. Panga kipande chako kiingie humo. Ufaransa ratiba ya siku ya mgomo hutolewa jioni ya siku iliyotangulia. Ubao wa Italia ukiandika *soppresso*, treni imefutwa. *Ritardo* ni kuchelewa, na namba iliyo pembeni ni dakika.

Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya, treni ikichelewa dakika 60 hadi 119 unastahili kurudishiwa robo ya nauli, na kuanzia dakika 120 nusu. Ukiwa na tiketi mbili ulizonunua mbalimbali na ya kwanza ikakukosesha ya pili, hasara ya pili ni yako. Nunua kipande kizima kwa tiketi moja inapowezekana.

Nalipaje, na simu?

Kadi ya benki ya Visa au Mastercard inafanya kazi, lakini tovuti za reli za Ulaya hutuma namba ya siri kwa ujumbe mfupi kabla ya kukubali malipo. Laini yako ya nyumbani ikiwa haipokei ujumbe ukiwa nje, malipo yanakataliwa. Washa huduma hiyo kabla hujasafiri, na beba kadi ya pili ya benki nyingine. Uwe na sarafu: pauni, euro na faranga ya Uswisi. Laini nyingi za intaneti za Umoja wa Ulaya hazihusishi Uswisi. Soma masharti kabla ya kuvuka Vallorbe, la sivyo salio linayeyuka.

Ratiba zote ni za saa 24. 14:05 ni saa nane na dakika tano mchana.

Siku ngapi zinatosha, na niende mwezi gani?

Siku 14 ni kiasi kizuri, 10 ni za kubana, na ukiongeza kutembea kutoka Viterbo weka 19. Mwisho wa Juni na Septemba ndiyo miezi tunayoipendekeza, kwa kuwa barabara ya Grand-Saint-Bernard iko wazi na joto la Toscana linavumilika. Wiki ya tarehe 15 Agosti Italia nzima iko likizo. Vyumba ni ghali na mabasi hupungua.

Nibebe mizigo kiasi gani?

Kile unachoweza kukipandisha ngazi peke yako, mara tatu kwa siku. Stesheni ndogo za Italia hukuvusha kwenye jukwaa lingine kwa njia ya chini ya ardhi isiyo na lifti. Begi la mgongoni la kilo 8 hadi 10 linatosha. Kuhifadhi mizigo kunapatikana stesheni kubwa kama Lausanne na Roma Termini, si Pontremoli.

Si lazima niwe Mkristo?

Si lazima. Hosteli za mahujaji humpokea yeyote anayeheshimu taratibu zake: kufika jioni kwa wakati, ukimya usiku, kutoka asubuhi. Baadhi hutegemea mchango wa hiari. Toa kile ambacho ungelipa kwa heshima. Nyingine humkubali anayetembea au kuendesha baiskeli tu, kwa hiyo anayekuja kwa treni aulize kwanza kwa simu. Kwa asiyekula nguruwe, Italia uliza kuhusu supu na michuzi ya nyama, maana mafuta yake hutumika hata mahali usipotegemea.

Nikifika Roma nishukie wapi?

Usiende Termini. FL3 kutoka Viterbo inasimama Roma San Pietro, na kutoka hapo basilika ni mwendo wa dakika 10 hadi 15 kwa miguu. Mabega na magoti yafunikwe, na begi litapita kwenye mashine ya ukaguzi. Foleni huwa fupi zaidi asubuhi mapema, kabla ya saa mbili.